Kabla ya Meli Kung'oa Nanga Civitavecchia: Ulale Wapi Roma, na Uone Nini

Tangazo la safari ya meli likisema "kuanzia Roma", meli yenyewe haipo Roma. Imetia nanga Civitavecchia, mji wa bandari ulio kilomita 70 na ushee kaskazini-magharibi ya jiji. Ndege nayo haishuki Roma, inashuka Fiumicino, karibu na bahari, kilomita 30 hivi kutoka katikati ya jiji. Msafiri ana vituo vitatu vya kuunganisha: uwanja wa ndege, kitanda na gati. Kosa linalorudiwa kila msimu ni kuchagua kitanda kwa picha za chumba na umbali wake kutoka Colosseum, halafu asubuhi ya kuondoka masanduku yakaburutwa nusu ya jiji kuitafuta treni ambayo ingeweza kuwa nyuma ya hoteli.

Hukumu yangu naitoa mwanzoni. Kwa mwenye masanduku na usiku mmoja au miwili tu, mahali panapofaa kuliko pote ni Ostiense na jirani yake Testaccio. San Pietro na Prati, upande wa Vatikani, panafuata kwa karibu. Termini, mtaa wa stesheni kuu ya Roma, ambako watu wengi hukimbilia, ninapaweka nafasi ya tatu. Katikati ya mji wa zamani ni pa mtu mwenye siku tatu na kuendelea. Kulala Civitavecchia kwenyewe kuna sababu zake, na nitazieleza.

Reli mbili zinazoamua kila kitu

Treni ya FL1 hutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino, hupita Trastevere, Ostiense na Tuscolana, ikafika Tiburtina na kuendelea kaskazini. Nauli yake kutoka uwanjani ni euro 8. Kwenye ubao haiandikwi "Roma". Huandikwa kituo chake cha mwisho, mara nyingi Orte, Fara Sabina au Poggio Mirteto, na wageni wengi huiacha ikaondoka mbele ya macho yao kwa sababu majina hayo hawajawahi kuyasikia. Ipo pia Leonardo Express, inayokwenda Termini moja kwa moja bila kusimama popote kwa dakika 32, na nauli ni euro 14. Muhimu kushika: FL1 haifiki Termini, na Leonardo Express haisimami Ostiense. Ukikata tiketi ya hii ukapanda ile, utashushwa upande wa jiji ambao hukuukusudia.

Treni ya FL5 ndiyo ya bandarini. Huanzia Termini, hupita Ostiense, Trastevere na San Pietro, kisha hufuata pwani hadi Civitavecchia. Nauli ni kama euro 5. Kutoka Ostiense ni mwendo wa saa moja hivi, kutoka Trastevere dakika 55 hivi, kutoka San Pietro chini ya dakika 50. Treni za mkoa zilizoandikwa Grosseto au Pisa Centrale nazo husimama Civitavecchia, kwa hiyo usizikatae. Zilizoandikwa Ladispoli-Cerveteri huishia njiani, hizo ziache.

Ukizichora reli hizi mbili kwenye karatasi utaona zinakutana Trastevere na Ostiense. Aliyelala karibu na mojawapo ya stesheni hizo hushuka treni moja kutoka uwanja wa ndege na kupanda treni moja kwenda bandarini, bila kuingia Termini hata mara moja. Hiyo ndiyo sababu ya hukumu yangu, na ni sababu ya miguu na mabega kabla ya kuwa ya fedha.

Ostiense na Testaccio

Kinachoipandisha Ostiense juu ya Trastevere ni metro. Stesheni ya Ostiense imeungana kwa njia ya chini na kituo cha Piramide cha metro B. Kutoka hapo Circo Massimo ni kituo cha kwanza, Colosseo ni cha pili, Termini ni cha nne. Tiketi ya metro ni euro 1.50 na hudumu dakika 100, au unagusisha kadi ya benki kwenye mlango wa kuingilia bila kupanga foleni ya mashine.

Testaccio iko upande wa pili wa barabara, imepangwa kwa mitaa iliyonyooka, tambarare, ambayo sanduku la magurudumu hupita bila taabu. Ni mtaa wa watu wanaoishi Roma, si wa maduka ya sumaku za friji. Palikuwa na machinjio makubwa ya jiji kuanzia mwisho wa karne ya 19 hadi 1975, na upishi wa mtaa huu mpaka leo ni wa mkia wa ng'ombe, utumbo na maini. Soko lake lina vyakula vilivyopikwa vya kula hapo hapo mchana, ila hufungwa mapema alasiri na Jumapili halifunguliwi.

Kwa asiyekula nguruwe, jambo hili alijue kabla ya kukaa mezani popote Roma: carbonara, amatriciana na gricia zote hutiwa guanciale, yaani nyama ya shavu la nguruwe, hata kama orodha ya vyakula haikuitaja. Cacio e pepe ni tambi kwa jibini la kondoo na pilipili manga, haina nyama. Mikahawa mingi haianzi kupika chakula cha jioni kabla ya saa moja na nusu usiku. Mwenye watoto waliotoka kwenye ndege na njaa zao apange hilo mapema.

Kasoro za mtaa huu zipo. Hoteli kubwa ni chache. Vyumba vingi ni vya nyumba za wageni zilizo ndani ya majengo ya ghorofa ya zamani, na kuna maswali manne ya kumwandikia mwenye nyumba kabla ya kulipa. Je, kuna lifti, na inaingia mtu pamoja na sanduku? Lifti za majengo hayo mara nyingi hubeba watu wawili bila mzigo, na nyingine huanzia juu ya ngazi sita saba. Mwenyeji atakuwepo mpaka saa ngapi usiku, maana ndege inayotua saa nne hukufikisha mlangoni karibu saa sita? Masanduku yanaweza kubaki baada ya muda wa kuachia chumba? Na kiyoyozi ni cha chumba chako au cha ukumbi? Julai na Agosti swali hilo la mwisho ndilo linaloamua kama utalala.

Upande wa kilima cha Monte Testaccio, ambacho chote kimeundwa na vigae vya mitungi ya mafuta ya wakati wa Warumi, kuna kumbi za muziki. Ijumaa na Jumamosi kelele zake hufika mbali, kwa hiyo omba chumba kinachotazama uani. Kilima cha Aventino kilicho jirani kina hoteli tulivu zenye bustani na ndizo nzuri zaidi eneo hili, ila kuzifikia kwa miguu ukiwa na mzigo ni kupanda mlima. Teksi ya mwendo mfupi inatosha.

San Pietro na Prati

Mtu ambaye shabaha yake Roma ni Vatikani asihangaike na Ostiense. Stesheni ya San Pietro iko umbali wa robo saa kwa miguu kutoka uwanja wa Mtakatifu Petro. Prati, mtaa wa pili yake, una barabara pana, maduka ya kawaida, na vituo vya metro A vya Ottaviano na Lepanto. Kutoka uwanja wa ndege unapanda FL1 hadi Trastevere, unabadilisha hapo, na baada ya dakika chache umefika San Pietro.

Tatizo la San Pietro huonekana siku ya kuondoka tu. Ni stesheni kubwa ya mwisho ndani ya jiji kabla treni haijaelekea baharini. Treni imekwisha kujaa Termini, Ostiense na Trastevere, na asubuhi za mwisho wa wiki msimu wa kiangazi, wakati meli kadhaa zinapakia siku moja, nafasi ya masanduku huwa imejaa mpaka mlangoni. Kusimama dakika 50 si adhabu kubwa kwa kijana. Kwa mzee, au mama mwenye mtoto mgongoni, ni vema kuchukua treni ya mapema zaidi, ya saa mbili au saa tatu asubuhi, badala ya ile ya saa nne ambayo kila mmoja ameipanga.

Trastevere

Hapa jina linadanganya. Trastevere ya vichochoro, mimea inayotambaa ukutani na meza za nje iko zaidi ya kilomita moja kutoka stesheni inayobeba jina hilo. Tramu namba 8 ndiyo inayounganisha pande hizo mbili na kuendelea hadi Piazza Venezia. Ukilala karibu na stesheni unapata urahisi wa reli bila uzuri wa mtaa. Ukilala vichochoroni unapata uzuri na makelele ya usiku hadi saa nane, juu ya barabara za mawe. Ninaiona kama chaguo la akiba, Ostiense ikijaa.

Termini

Hoteli ni nyingi kuliko mahali pengine popote, bei hushuka, metro A na B hukutana hapo, na Leonardo Express hufika moja kwa moja. Anayefika usiku sana na hataki kubadilisha treni atafaidika. Lakini majukwaa ya treni za Civitavecchia kwa kawaida ni yale ya namba za juu, 25 na kuendelea, ambayo hayako pamoja na mengine. Unatembea kandokando ya jukwaa la 24 mita mia kadhaa ndipo unayafikia. Tenga dakika 10 kamili kwa hilo tu. Watu hukosa treni wakiwa tayari ndani ya stesheni.

Wezi wa mifukoni wapo Roma yote yenye watalii, ila Termini, metro A na basi namba 64 liendalo Vatikani ndiko wanakovuna. Mbinu ya kawaida ni mtu "msaidizi" kwenye mashine ya tiketi, au kundi linalokubana mlango wa treni unapofungwa. Pasipoti na kadi ziwe kifuani chini ya nguo, si kwenye mkoba wa mgongoni. Pasipoti ikiibwa usiku wa kabla ya meli, safari imekwisha kabla haijaanza.

Ukiamua Termini, tafuta upande wa Monti, karibu na kituo cha Cavour. Ni karibu na Colosseum na ni tulivu zaidi. Mitaa yake ina miteremko, hilo tu.

Katikati ya mji wa zamani

Pantheon, Piazza Navona, Campo de' Fiori: hakuna anayebisha uzuri wa kufungua dirisha huko. Lakini hakuna metro karibu, barabara zimetandikwa vipande vya mawe meusi viitwavyo sanpietrini ambavyo huvunja magurudumu madogo ya masanduku, na bei ya chumba hupaa. Kwa usiku mmoja unalipia mandhari utakayoiona ukiwa umelala usingizi. Ukikaa siku tatu au nne, hesabu hubadilika, na siku ya kuondoka unachukua gari la kukodi mpaka bandarini.

Civitavecchia, na hoteli za uwanja wa ndege

Sababu tatu zinatosha kulala Civitavecchia: umewahi kuiona Roma, una watoto wadogo au mtu asiyeweza kutembea sana, au siku ya kuondoka pametangazwa mgomo wa treni. Hoteli si nyingi, na usiku wa kabla ya meli kubwa hujaa, kwa hiyo bei ya Ijumaa inaweza kuishinda ya Roma. Ukilala huko na kutaka kwenda Roma kwa siku moja, ulizia tiketi ya mkoa iitwayo BIRG ya kanda tano. Kwa euro 12 hivi hukupeleka na kukurudisha, pamoja na metro na mabasi ya Roma, hadi usiku wa manane wa siku hiyo.

Mji wenyewe una jioni nzuri ya matembezi kando ya bahari. Bandari ilijengwa kwa amri ya Kaisari Traiano mwanzoni mwa karne ya 2, na ngome iliyo mlangoni mwake, Forte Michelangelo, ilianzwa 1508 wakati wa Papa Julius II kwa ramani ya Bramante. Sehemu ya juu ya mnara wake mkuu ndiyo inayohusishwa na Michelangelo, na ndiko jina lilikotoka. Lakini kinachostahili siku nzima kiko kaskazini kidogo: makaburi ya Tarquinia ya Waetruski, watu walioishi eneo hili kabla ya utawala wa Warumi, vyumba vilivyochimbwa chini ya ardhi na kuchorwa watu wakila, wakicheza ngoma na kuvua samaki, miaka zaidi ya 2,400 iliyopita. UNESCO iliyaandika kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004 pamoja na yale ya Cerveteri. Treni kutoka Civitavecchia ni robo saa hivi, ila stesheni iko nje ya mji na unahitaji basi la kupandia juu. Jumatatu hufungwa. Kwa mtu aliyekwisha kuiona Roma, hii ndiyo siku bora kabla ya meli, na inasikitisha kwamba maelfu hupanda meli pembeni yake bila kuisikia.

Hoteli za uwanja wa ndege wa Fiumicino ni za kulala tu. Hazikusogezi bandarini, maana hakuna treni ya moja kwa moja kutoka uwanjani hadi Civitavecchia, ni lazima ubadilishe Trastevere. Zinamfaa anayetua baada ya saa tano usiku.

Uone nini, kwa muda ulionao

Kosa kubwa la utalii wa kabla ya meli ni kuweka Makumbusho ya Vatikani na Colosseum siku moja. Kila moja hula saa tatu au nne, na baina yake kuna nusu ya jiji. Chagua moja, na nyingine uiache kwa siku ya kurudi.

Mwenye alasiri moja na usiku mmoja, akiwa Ostiense, asinunue tiketi yoyote. Aanze na Piramidi ya Cestius iliyo mbele ya stesheni, kaburi la ofisa wa Kirumi lililojengwa kwa mtindo wa Misri katika karne ya 1 KK. Apande Aventino hadi bustani ya michungwa, ambako jioni kuba la Mtakatifu Petro huonekana juu ya paa za jiji. Ateremke Circo Massimo, atembee mpaka Colosseum taa zikiwashwa, arudi kwa metro. Ni matembezi ya kilomita tatu au nne. Chupa ya maji ajaze kwenye mabomba ya mitaani. Roma ina zaidi ya 2,000, maji yake ni safi, baridi na bure.

Mwenye siku nzima ashike tiketi ya Colosseum mapema. Hufunguliwa kuuzwa siku 30 kabla, ya kawaida ni euro 18, na ndani yake umo pia uwanja wa Foro Romano na kilima cha Palatino. Tangu Oktoba 2023 tiketi huandikwa jina la mtu, na jina hilo hulinganishwa na kitambulisho mlangoni, kwa hiyo liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, pamoja na majina yote. Wenye umri chini ya miaka 18 hawalipi, lakini nao wanahitaji tiketi. Masanduku na mikoba mikubwa hairuhusiwi kuingia. Anayepanga kupita Colosseum akiwa njiani kwenda bandarini na mizigo yake atarudishwa getini.

Pantheon imekuwa ya kulipia tangu Julai 2023. Chemchemi ya Trevi ni bora kabla ya saa moja asubuhi, na baada ya hapo huoni maji, unaona visogo vya watu. Kuketi kwenye ngazi za Piazza di Spagna kumekatazwa tangu 2019 na faini yake inaweza kufika euro 400.

Kwa Vatikani, tazama siku ya wiki kabla ya kitu kingine chochote. Makumbusho hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi ambapo kiingilio ni bure na msongamano wake haufai kwa mtu mwenye siku moja. Jumatano asubuhi Papa akiwa na mkutano na waamini uwanjani, basilika haifunguliwi kwa wageni mpaka mchana. Tiketi ya makumbusho ni euro 20, na ukihifadhi nafasi mtandaoni huongezwa euro 5. Hizo euro 5 zitoe bila kujiuliza, kwani foleni ya wasiohifadhi huzunguka ukuta. Kuingia basilika ni bure, ila mabega na magoti yafunikwe, mwanamke na mwanamume. Kanga au mtandio mwepesi kwenye mkoba humaliza tatizo hilo. Kutoka Ostiense huna haja ya metro mbili: panda FL5 au FL3 mpaka San Pietro. Ukiwa humo utakuwa umeijaribu treni ile ile itakayokupeleka bandarini.

Mwenye siku mbili nampa jambo moja lisilo kwenye orodha za kawaida: Ostia Antica, bandari ya kale ya Roma, mji mzima wenye maghala, mabafu, ukumbi wa maigizo na ofisi za wenye meli ambazo sakafu zake bado zina picha za vyombo vya baharini. Treni ya kwenda Lido huondoka stesheni ya Porta San Paolo, pembeni ya Piramide, na tiketi ni ile ile ya metro ya euro 1.50. Ni nusu saa. Jumatatu pamefungwa. Na ikinyesha mvua, Centrale Montemartini kwenye barabara ya Ostiense: sanamu za marumaru za Kirumi zimepangwa kati ya mitambo ya kituo cha umeme cha mwaka 1912. Mara nyingi hakuna foleni.

Viza, ushuru na mgomo

Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania au Uganda huingia Italia kwa viza ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na meli huleta mtego wake. Njia ya meli ikigusa Uturuki, Montenegro au Tunisia kisha ikarudi Italia, umetoka Schengen na unaingia tena. Viza ya kuingia mara moja haitoshi, omba ya kuingia zaidi ya mara moja, na ambatisha ratiba ya bandari. Kroatia imo ndani ya Schengen tangu Januari 2023. Hesabu ya siku za viza ijumlishe usiku wa hoteli kabla ya meli na baada yake, na bima, ambayo kima chake cha chini ni euro 30,000, ianze siku ya kutua Fiumicino, si siku ya kupanda meli. Hoteli ihifadhi kwa masharti ya kufuta bila kulipa, mpaka viza iwe mkononi.

Roma hutoza ushuru wa malazi kwa kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi haumo kwenye bei uliyolipa mtandaoni. Hoteli ya nyota tatu ni euro 6, ya nyota nne euro 7.50, ya nyota tano euro 10. Watoto chini ya miaka 10 hawatozwi. Familia ya watu wanne wazima kwenye nyota nne kwa siku mbili italipa euro 60 mapokezi.

Mgomo wa reli Italia hutangazwa siku kadhaa kabla, chini ya sheria ya 1990. Neno la kutafuta ni sciopero. Siku za kazi treni za mkoa huhakikishwa saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Jumapili na sikukuu dhamana hiyo haipo. Meli yako ikiondoka Jumapili yenye mgomo, weka gari mapema, la zaidi ya euro 100 kwa safari moja, au hamia Civitavecchia usiku wa kabla.

Asubuhi ya kuondoka

Meli nyingi huondoka Civitavecchia kati ya saa 11 jioni na saa 1 usiku, na mlango wa abiria hufungwa saa moja au saa moja na nusu kabla. Lenga kufika stesheni ya Civitavecchia kabla ya saa saba mchana. Hapo hata treni moja ikifutwa, inayofuata inakufikisha. Usipange Vatikani asubuhi hiyo. Soko la Testaccio linatosha, kama si Jumapili.

Vibandiko vya mizigo vifungwe hotelini. Masanduku makubwa huchukuliwa na wapagazi gatini na huweza kufika chumbani jioni sana, kwa hiyo pasipoti, dawa, miwani, chaja na nguo ya kubadili vibaki kwenye mkoba wa mkononi. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa igongwe muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda. Ile ya simu nayo inataka uthibitishe safari kwenye programu kabla treni haijaondoka. Mkaguzi haangalii kama umelipa tu, anaangalia kama umethibitisha, na faini ni kubwa mara nyingi kuliko nauli.

Ukishuka Civitavecchia usiufuate umati unaotembea kwenda kwenye ngome ukidhani meli iko pale. Kuna basi la mji kutoka mbele ya stesheni hadi Largo della Pace, tiketi ya euro chache. Kwa miguu bila mzigo mzito ni kama dakika 20. Kutoka Largo della Pace mabasi ya bandari ni bure na hupeleka kila mtu kwenye gati lake. Mwambie dereva jina la meli kabla hujapandisha sanduku, kwa sababu siku ya meli nne au tano magati yametapakaa, na basi la gati jingine litakurudisha Largo della Pace kuanza upya.